Timu ikishika mkia kwenye besiboli ya Marekani inapewa chaguo la kwanza. Hilo chaguo lina thamani gani hasa?

#1 Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huku Pittsburgh theluji imefika magotini na besiboli imelala mpaka mwishoni mwa Machi, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Najua kwa wengi humu besiboli ni rede ya wazungu. Nivumilieni, maana suala lenyewe ni la hela na akili kuliko mpira.

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 nilikuwa zamu ghalani na mzee mmoja mwenyeji wa hapa. Redio yake ndogo aliiweka juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Timu yetu, Pirates, walikuwa ugenini Philadelphia na anayerusha ni Paul Skenes. Kipindi hadi kipindi dogo anawalaza tu. Mzee akaacha kabisa kufunga maboksi. Mwisho wa siku Skenes karusha mechi nzima peke yake bila kupokewa, kitu ambacho siku hizi unaweza kumaliza mwezi hujakiona, karuhusu pointi moja, na Pirates wamelala 1-0. Mzee alizima redio, akachukua gundi ya karatasi, akalizungushia boksi mara nne wakati mara moja ingetosha, kisha akatoa neno ambalo nikiliandika hapa moderator ataufunga uzi.

Sasa huyu Skenes ndiye aliyechukuliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2023, yaani ile foleni ya kila mwaka ambapo timu zinachagua vijana kwa zamu, akitokea chuo cha LSU kule Louisiana. Pirates walilipata chaguo hilo kwa sababu 2022 walipoteza mechi 100, na bahati nasibu nitakayoieleza mbele ikawaangukia. Walimsainisha kwa dola milioni 9.2. Kwa hela yetu ya Tanzania piga bilioni 22 na ushee, kwa kijana ambaye hajarusha hata mpira mmoja wa ligi kuu. Mei 2024 akapandishwa ligi kuu, mwaka huohuo akawa mchezaji bora chipukizi wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu (nyingine ni American League). Mwaka 2025 akabeba tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote za wapigakura. Wastani wake ulikuwa 1.97, maana yake katika kila vipindi tisa alivyorusha, wapinzani hawakufikisha pointi mbili.

Na rekodi yake ya kushinda na kushindwa? Ushindi 10, vipigo 10. Timu ilimaliza na ushindi 71 na vipigo 91.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Timu imepoteza mechi 100, ikazawadiwa kijana bora nchini, kijana akawa bora kuliko hata walivyotabiri, na bado timu ni ileile. Hilo chaguo lina thamani gani basi? Nimelifikiria sana na nina jibu langu, ila kwanza nisikie wenzangu.

#2 Mpemba Halisi

Nimeshakaa na kahawa yangu. Endelea shehe.

#3 kondakta mstaafu

Mkuu hebu nisaidie kwanza. Kwetu timu ikishika mkia inashuka daraja, wachezaji wanatawanyika, katibu anazima simu. Huko anayeshika mkia ndiye anapewa mtoto bora wa nchi nzima? Huo si utaratibu wa kuwafundisha watu kufungwa makusudi?

#4 Zamu_ya_Usiku

@kondakta mstaafu umegonga penyewe.

Huku hakuna kushuka daraja. Timu ni 30, zilezile kila mwaka. Zamani kijana alisaini na yeyote mwenye mkwanja mrefu, na matajiri wakawa wanazoa kila chenye mkono. Mwaka 1965 ndipo wakaanzisha drafti: kila timu inasubiri zamu yake, dhaifu anaanza. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa ni Rick Monday, aliyechukuliwa na Athletics enzi hizo wakiwa Kansas City. Ukishachaguliwa na timu fulani, unaongea na hiyo tu. Hutaki? Rudi shule usubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo pamoja na maneno mazuri ya kuleta usawa, drafti ni njia ya matajiri kutokupandishiana bei. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kufungwa makusudi kupo, ingawa mchezaji hafungwi makusudi, yeye anatafuta ugali wake. Uongozi ndio unauza kila mwenye jina, unabaki na watoto, unasema "tunajenga". Mfano wa kitabuni ni Houston Astros. Vipigo 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012, 111 mwaka 2013. Miaka mitatu mfululizo, 2012 hadi 2014, wao ndio walianza kuchagua. Na 2017 wakawa mabingwa. Kuanzia hapo kila kiongozi wa timu mbovu akawa anataja Houston kama mlevi anavyomtaja mjomba wake aliyefanikiwa.

Ila angalia machaguo yenyewe. 2012: Carlos Correa, akawa nyota, sawa. 2013: Mark Appel, mrushaji wa Stanford, dola milioni 6.35. Hakuwahi kurusha mpira hata mmoja kwenye ligi kuu akiwa na Astros. Aliacha mchezo 2018, akarudi, akaja kuonja ligi kuu 2022 akiwa na Phillies, umri miaka 30. Aliyechaguliwa wa pili nyuma yake ni Kris Bryant, akawa mchezaji bora wa National League 2016 na ubingwa juu akiwa na Cubs. Wa 2014 ni kisa chake peke yake, nitakileta.

Katika matatu, moja ndilo lilijibu. Na hao ndio mfano wa waliofanikiwa.

#5 Hesabu Hazidanganyi

Mleta uzi unatupa hadithi tamu lakini hujajibu swali lako. Thamani ni namba. Huyo Skenes amelipwa 9.2m. Angekuwa sokoni angelipwa ngapi? Toa hiyo kwa hiyo, umepata thamani.

#6 Zamu_ya_Usiku

@Hesabu Hazidanganyi sawa, twende na kalamu.

Mchezaji akiingia ligi kuu anakuwa chini ya timu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Miaka mitatu ya mwanzo, au karibu na hapo, timu inampa inachotaka mradi isishuke chini ya kima cha chini. 2025 kima cha chini kilikuwa dola 760,000. Skenes, mrushaji bora wa National League nzima, mshahara wake mwaka huo ulikuwa dola 875,000. Kuna mfuko wa nyongeza kwa vijana wanaofanya vizuri, na kwa kazi ya 2024 alipata zaidi ya milioni 2 humo, ila mfuko huo unachangiwa na timu zote. Baada ya hapo ni usuluhishi: mchezaji anataja bei, timu inataja yake, wasipoelewana jopo linachagua moja. Hela inapanda, lakini bado hujawa mchezaji huru.

Sasa sokoni. Hapa sitafuti mbali, maana Pittsburgh tunaye shahidi. Gerrit Cole alikuwa chaguo la kwanza la Pirates 2011, kwa dola milioni 8. Januari 2018 wakamuuza Houston wakapewa wachezaji wanne. Desemba 2019, akiwa huru, Yankees walimpa miaka tisa kwa dola milioni 324. Hiyo ni milioni 36 kwa mwaka mmoja.

Weka 875,000 kwenye mzani, upande wa pili weka milioni 36. Kwa mrushaji wa daraja hilo, miaka mitatu ya mwanzo peke yake inaiokolea timu kama milioni mia moja.

Na hapa ndipo jibu langu lilipo: chaguo la kwanza si kijana, ni miaka sita ya bei chee. Timu yenye kikosi inaitumia akiba hiyo kununua wapigaji wa kumzunguka. Isiyonunua mtu, basi imepata kijana wa kumsikitikia kwenye redio. Pirates mwaka 2025 ndio waliofunga pointi chache kuliko timu zote 30. Akiba ya Skenes ipo vitabuni, uwanjani sijaiona.

#7 Mtoto wa Mnadani

Hii mada imenikumbusha marehemu mzee wangu. Alikuwa anaingia mnada wa Pugu alfajiri, haulizi bei ya ng'ombe mpaka amemshika nundu, amemfungua mdomo akaangalia meno, amemfanya atembee hatua kumi na kurudi. Na bado kuna siku tulipigwa. Ng'ombe dume safi, nundu kama kilima, tulipofika nyumbani siku ya tatu akalala na hakuinuka tena. Mzee hakumlaumu muuzaji. Alisema ndani ya ng'ombe hakuna anayepaona.

Hawa wenzetu wanampa mtoto wa miaka 18 mabilioni kwa kumuona akirusha mpira shuleni. Wana uhakika gani?

#8 Zamu_ya_Usiku

@Mtoto wa Mnadani pole kwa ng'ombe, na maneno ya mzee wako nayaazima.

Uhakika haupo. Mwaka 1966 Mets walikuwa wa kwanza, wakachukua mdakaji anaitwa Steve Chilcott. Bega likaharibika, hakufika ligi kuu hata siku moja. Athletics waliokuwa nyuma yao wakamchukua Reggie Jackson, ambaye leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Mwaka 1991 Yankees wakamchukua Brien Taylor, mrushaji wa sekondari, wakamwaga dola milioni 1.55 ambazo enzi hizo zilikuwa kufuru. Desemba 1993 aliumia bega kwenye ugomvi wa mtaani. Hakufika.

Pirates wenyewe 2002 walikuwa wa kwanza, wakamchukua mrushaji Bryan Bullington kwa dola milioni 4. Nyuma yake kwenye raundi ileile walikuwepo Zack Greinke, Prince Fielder na Cole Hamels. Mzee wangu wa ghalani ukimtajia jina la Bullington anashika kiuno kama aliyeumwa na nyuki.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Detroit. 2003 Tigers walipoteza mechi 119. Wabovu kuliko wabovu wote. Kwa utaratibu wa wakati huo chaguo la kwanza lilikuwa linapokezana kati ya ligi mbili, mwaka huu American, mwaka ujao National. Drafti ya 2004 ikawa zamu ya National. Kwa hiyo Tigers, pamoja na vipigo vyote vile, wakawekwa wa pili. San Diego Padres wakaanza, wakamchukua Matt Bush, mtoto wa palepale San Diego. Mambo yake yakaenda kombo vibaya, na hakuwahi kuichezea Padres ligi kuu. Tigers wakabaki na Justin Verlander. Mwaka 2006 walikuwa fainali, na Verlander akaja kubeba Cy Young tatu katika maisha yake ya mpira.

Walipunjwa nafasi moja, na huko kupunjwa ndiko kulikowaokoa.

Upande wa pili wapo waliojibu: Ken Griffey Jr. kwa Seattle 1987, Chipper Jones kwa Atlanta 1990, Joe Mauer kwa Minnesota 2001. Wote wako Ukumbi wa Mashujaa. Lakini Albert Pujols alichaguliwa raundi ya 13, na Mike Piazza raundi ya 62. Raundi ya 62! Siku hizi drafti yenyewe ina raundi 20 tu.

#9 Owa Lugazi

Habari zenu. Mimi ni wa Uganda, Kiswahili changu cha kuokoteza, mtanisamehe.

Huo mlango wa drafti sisi haututaji kabisa. Drafti ni ya wale wanaoishi au wanaosoma Marekani, Kanada na Puerto Rico. Mtoto wa Dominican, wa Venezuela au wa Uganda anasaini kama mchezaji huru wa kimataifa, kuanzia miaka 16, na bei zetu ziko mbali na hizo milioni 9.

Uganda besiboli ipo. Mwaka 2011 watoto wetu walifuzu kwenda Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka 2022 Dodgers walisaini vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na sasa nikuchekeshe ndugu wa Pittsburgh: hao Pirates wako wana Mganda mrushaji, David Matoma. Hakupitia drafti yoyote. Kwa hiyo mkizungumza thamani ya chaguo la kwanza, mkumbuke kuna watu wanaokotwa nje ya foleni.

#10 Zamu_ya_Usiku

@Owa Lugazi karibu sana ndugu, Kiswahili chako hakina kasoro. Matoma namfuatilia, mkono wake una kasi ya kutisha. Na uongeze kwamba Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alianzia hapahapa Pirates, Aprili 2017. Mpira wa kwanza kabisa alioupiga ulikuwa wa maana, akafika kituo cha kwanza. Huko nje ya foleni ndiko timu zenye macho zinakopata faida, maana hakuna bei iliyopangwa na ofisi ya ligi.

#11 kondakta mstaafu

Sasa kama chaguo lenyewe ni pata potea namna hiyo, kwa nini timu isiliuze tu? Mpe Yankees hilo chaguo, wakupe wachezaji wawili waliokomaa, kazi imeisha.

#12 Zamu_ya_Usiku

Hairuhusiwi mkuu. Kwenye mpira wa kikapu na ule wa Kimarekani machaguo yanauzwa kama nyanya. Besiboli hapana, isipokuwa yale machache ya nyongeza yanayotolewa kwa timu za miji midogo. Chaguo la kwanza utalitumia mwenyewe.

Lakini kuna ujanja, na huu ndio utamu wa mada. Tangu 2012 kila chaguo lina bei elekezi. Ukijumlisha bei za machaguo yako ya raundi kumi za mwanzo unapata mfuko wako. Ukipita mfuko unaadhibiwa. Ila ndani ya mfuko, gawanya utakavyo. Anayeanza ndiye mwenye mfuko mnono, au kati ya minono.

Astros 2012: bei elekezi ya chaguo la kwanza dola milioni 7.2. Wakaongea na Correa, kijana wa Puerto Rico, akakubali milioni 4.8. Zimebaki milioni 2.4. Kulikuwa na mrushaji wa sekondari, Lance McCullers Jr., ambaye timu nyingi zilimkwepa kwa kuwa bei yake ilikuwa ngumu na angeweza kwenda chuo. Astros wakamsubiri mpaka nafasi ya 41, wakampa milioni 2.5. Wote wawili walikuwa kwenye kikosi cha ubingwa 2017. Chaguo moja, wachezaji wawili.

Pirates nao 2021 walijaribu. Wa kwanza wakamchukua mdakaji Henry Davis kwa milioni 6.5, wakati bei elekezi ilikuwa kama milioni 8.4. Chenji ikawasaidia kumpata Bubba Chandler raundi ya tatu kwa milioni 3, kijana aliyekuwa anakwenda chuo cha Clemson kucheza michezo miwili, besiboli na ule wa Kimarekani. Leo ukiniuliza kati ya Davis na Chandler nimshike nani, nitamshika Chandler bila kupepesa. Aliyelipwa chenji ndiye mwenye mkono.

Na Washington 2025: bei elekezi 11,075,900. Wakamchukua Eli Willits, mtoto wa miaka 17 kutoka Oklahoma, kwa milioni 8.2. Hiyo chenji ya milioni 2.8 na ushee haikwenda kulala benki, iliwafuata vijana wa raundi za chini.

Sasa kile kisa cha 2014 nilichowadai. Astros walimchagua Brady Aiken, mrushaji wa sekondari kutoka California, wakakubaliana milioni 6.5. Akaenda kupimwa, picha za kiwiko zikaonyesha kitu ambacho madaktari wa timu hawakukipenda. Timu ikashusha ofa. Familia ikakasirika, siku ya mwisho ikapita, hakusaini. Mji mzima ukawacheka Astros. Lakini kanuni inasema usipomsainisha, mwaka unaofuata unapewa chaguo la fidia, nafasi moja nyuma. Machi 2015 Aiken akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Juni 2015 Astros, kwa chaguo lile la fidia, wakamchukua Alex Bregman. Wa tano wakamchukua Kyle Tucker.

Kwa hiyo chaguo la kwanza la 2014 thamani yake ilikuwa Bregman, mtu ambaye mwaka huo hakuwa hata kwenye orodha. @Mtoto wa Mnadani, mzee wako angewaelewa: walimfungua ng'ombe mdomo, wakaona jino, wakamrudisha zizini.

#13 Hesabu Hazidanganyi

Hapo kwenye chenji umenipata. Ila kwa mtindo huo kila mwenye akili atashindana kuwa wa mwisho.

#14 Zamu_ya_Usiku

Ndiyo maana wakaweka bahati nasibu, kuanzia drafti ya 2023. Timu 18 zilizokosa mchujo zinaingia kwenye kapu, nafasi sita za juu zinachezwa kwa mipira. Tatu mbovu kabisa zina asilimia 16.5 kila moja. Maana yake ukiwa wa mwisho kabisa bado una zaidi ya asilimia 83 za kukosa. 2024 Cleveland walikuwa na asilimia 2 tu, wakashinda, wakamchukua Travis Bazzana, Mwaustralia aliyekuwa anasoma Oregon State.

Kuna na kanuni ya kuzuia kuzoea. Timu tajiri inayochangia mfuko wa mgao wa mapato haiwezi kupata nafasi za bahati nasibu miaka miwili mfululizo, na ya hali ya chini inayopokea haiwezi mitatu mfululizo. Chicago White Sox 2024 walipoteza mechi 121, hakuna aliyewahi kupoteza nyingi hivyo katika msimu mmoja tangu mwaka 1900. Malipo yao? Nafasi ya kumi. Nilimwonea huruma jirani yangu aliyehamia kutoka Chicago. Desemba 2025 ndipo kapu likawatazama, wakapewa chaguo la kwanza la 2026.

#15 Bibi Harusi wa Baltimore

Kaka Zamu, nimekusoma tangu mwanzo nimenyamaza, sasa nimechoka. Mimi naishi Maryland mwaka wa tisa. Orioles walipoteza mechi 115 mwaka 2018, wakampata Adley Rutschman 2019. Wakapoteza 110 mwaka 2021, wakampata Jackson Holliday 2022. Mwaka 2023 walishinda mechi 101. Nilikuwepo, nilivaa rangi ya chungwa na nyeusi, nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha siku mbili. Usiniambie chaguo la kwanza ni chenji na mahesabu. Rutschman alipopandishwa Mei 2022 ile timu ilibadilika kama nyumba iliyofunguliwa madirisha.

#16 Zamu_ya_Usiku

Dada yangu, sibishi, na hilo la madirisha nimelipenda. Mdakaji mzuri anawafanya warushaji wote wawe bora, na hilo halionekani kwenye hesabu yangu ya milioni.

Ila nikuchokoze kidogo. Gunnar Henderson, aliyebeba tuzo ya chipukizi 2023 American League, alichaguliwa wa ngapi? Wa 42, drafti ileile ya Rutschman. Na ile timu ya ushindi 101 ilitolewa na Texas bila kushinda mechi, 2024 ikatolewa na Kansas City bila kushinda mechi, na 2025 imemaliza 75 kwa 87. Miaka ya bei chee ya Rutschman inayeyuka kama barafu kwenye sinia. Ndicho ninachosema: saa inaanza kugonga siku ya kwanza anapopandishwa, na timu inayosema "bado tunajenga" inaunguza mshumaa bila kusoma.

Ndiyo maana wengine wanachezea hata hiyo saa. Cubs 2015 walimbakiza Kris Bryant ligi ya chini wiki mbili za mwanzo, akamaliza mwaka na siku 171 za utumishi. Mwaka kamili ni siku 172. Kwa siku moja wakapata mwaka mzima wa nyongeza. Alilalamika rasmi, 2020 akashindwa kesi.

#17 Bibi Harusi wa Baltimore

Hilo la 42 ulilihifadhi muda wote unisubiri mimi. Sawa. Ila madirisha yalifunguka.

#18 Zamu_ya_Usiku

Yalifunguka dada, nakubali.

Nimalizie na Washington, maana wao wanaonyesha vizuri tofauti ya bei chee na bei ghali. Walipoteza 102 mwaka 2008 na 103 mwaka 2009, wakapata Stephen Strasburg na Bryce Harper mfululizo. Strasburg alisaini kwa milioni 15.1. Mechi yake ya kwanza, Juni 2010, aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki tatu, na waliotolewa walikuwa Pirates, nani mwingine. Akapasuliwa kiwiko mwaka huohuo, akarudi, na 2019 akawa mchezaji bora wa fainali Washington wakichukua ubingwa. Harper alishaondoka kwenda Philadelphia miezi michache kabla, milioni 330 kwa miaka 13.

Baada ya ubingwa Washington wakampa Strasburg mkataba mpya, milioni 245 kwa miaka saba. Akacheza mechi nane, mkono ukakataa. Mkono uleule, wa milioni 15 ulileta ubingwa, wa milioni 245 ulileta mechi nane.

#19 Mpemba Halisi

Shehe kahawa imekwisha na mimi bado niko. Skenes atabaki kwenu mpaka lini?

#20 Zamu_ya_Usiku

Mpaka mwisho wa msimu wa 2029, wasipomuuza. Tuzo ya chipukizi ilimpa mwaka kamili wa utumishi ingawa alipandishwa Mei, kwa hiyo Pirates hawakupata hata ile siku moja ya Cubs. 2024 na 2025 zimeshapita. Imebaki minne.

Na kuna kisa kimoja sijakisema. Kampuni ya kadi za wachezaji ilitoa kadi moja tu duniani yenye kiraka cha jezi aliyovaa Skenes mechi yake ya kwanza. Pirates wakatangaza: atakayeipata atuletee, tutampa pamoja na vingine tiketi mbili za msimu nyuma ya kituo cha nyumbani kwa miaka 30. Ikaangukia kwa mtoto wa miaka 11 huko Los Angeles. Akakataa. Machi 2025 kadi ikauzwa mnadani dola milioni 1.11.

#21 Mtoto wa Mnadani

Ngoja. Mtoto wa miaka 11 amepewa miaka 30 ya Pirates akasema hapana?

#22 Zamu_ya_Usiku

Akasema hapana. Alipiga hesabu ambayo mzee wangu wa ghalani ameshindwa kuipiga tangu ujana wake.

#23 Mtoto wa Mnadani

Na wewe ungefanyaje?

#24 Zamu_ya_Usiku

Ningechukua hela. Halafu ningenunua tiketi za siku anazorusha Skenes tu, na moja ya mzee. Zamu yangu inaanza saa nne usiku, ngoja nikafukue gari kwenye theluji.